Nyasi Juu ya Mabati

Mama mkwe wangu alinitazama usoni Jumapili moja saa saba mchana, mbele ya kanisa, na kijiji kizima kikajua kwamba amepata wazimu.

Kwa mtu asiye wa kwetu jambo hilo halina uzito. Mtu kakutazama, basi. Lakini sisi watu wa milima ya Ngara tumelelewa tukijua kuwa mwanamume na mama wa mke wake hawatazamani. Mama mkwe akikuona unakuja njiani, anajifunika khanga kichwani na kugeukia migomba mpaka upite. Wewe nawe unainamisha kichwa kana kwamba umeangusha sindano. Mkiwa na la kuambiana mnalipitisha kwa mtu wa tatu, hata kama mmeketi hatua mbili tu mmoja kutoka kwa mwingine. Ni heshima, na kusema kweli ni raha pia, maana ugomvi wa wakwe unahitaji macho. Mimi na mama huyo tulikuwa tumefichana kwa adabu kubwa tangu posa ilipokubaliwa, na ndoa ilipangwa iwe baada ya Noeli. Nilimjua kwa mgongo. Mgongo wake ningeutambua hata sokoni siku ya mnada.

Jumapili ile sikuuona mgongo. Alitoka kanisani akanijia moja kwa moja, khanga mabegani, kichwa wazi, akasimama mbele yangu akanikazia macho. Alikuwa na macho mazuri, makubwa, kama ya binti yake, na hilo lilinichanganya zaidi. Kisha akacheka.

"Kumbe mkwe wangu ana masikio makubwa hivi!" akasema kwa sauti ile ile aliyotoka kuimbia kwaya, na lafudhi ya milimani ambayo mara kwa mara hugeuza l kuwa r. "Na hakuna mtu ariyeniambia!"

Watu waliguna. Mimi nilijificha nyuma ya katekista, lakini katekista alikuwa mwembamba, masikio yakabaki nje.

Sasa nieleze nilikuwa nani hata nikawa pale. Nilikuwa mganga msaidizi kijana, nimetoka chuoni na viatu vyangu vya kwanza, nimepangiwa zahanati ya kijiji cha ujamaa upande wa Nyantakara, wilaya ya Biharamulo. Watu waliniita dokta na mimi sikuwakatalia. Nilizaliwa milimani juu ya Bugarama, ambako mwezi wa sita mtu analala na blanketi, moto na mbuzi, na bado anatetemeka. Nyantakara ni chini, na joto lake lilinipokea kama mwenyeji anayekukumbatia na hataki kukuachia. Mwenzangu aliyenizidi cheo alichukuliwa kwenda vitani, nikabaki peke yangu na vyumba viwili vilivyoezekwa nyasi, kabati moja la dawa na kipimajoto kimoja. Kila mwezi niliandika barua kuomba zahanati iezekwe mabati kama jengo la watu wastaarabu. Namshukuru Mungu hakuna aliyenijibu.

Mama mkwe naye alikuwa mtu wa milimani. Yeye na mumewe waliteremka zamani kutafuta ardhi, kisha ikaja amri ya kuhamia vijijini, wakapangwa kwenye mistari pamoja na Wasubi na Wasukuma, nyumba ikitazamana na nyumba. Mumewe alifariki. Yeye akashika jembe kwa hasira, akalima mihogo, maharage na pamba mpaka akatangazwa mkulima bora wa kijiji, na zawadi yake ikawa mabati. Mabati mapya, ya kutosha nyumba nzima! Mengine kijijini yalikuwa juu ya ofisi, duka la ushirika, ghala na nyumba ya katibu. Mjane akawa sawa na serikali. Alikuwa na ufagio wenye mpini mrefu wa kuyapangusa vumbi kila asubuhi, na nyumba yake iliwaka juani hata mtu aliyekuwa ng'ambo ya bonde akipita aliinamisha kichwa.

Lakini nyumba yenyewe aliijenga kimilima. Kuta nene, mlango mmoja, dirisha moja ambalo paka mwembamba angepita kwa kujitahidi, na jiko katikati ya chumba, mafiga matatu, moto hauzimwi. Juu ya Bugarama, chini ya nyasi, hiyo ni busara ya mababu. Nyantakara, chini ya mabati, hilo ni tanuri. Sote tulijenga hivyo, sisi wa milimani. Tulihama na nguo zetu, mbegu zetu na baridi yetu.

Mwaka ule wa vita mvua zilichelewa. Kila mchana mawingu yalijaa kutoka upande wa ziwa, meusi, mazito, yakatuahidi mambo makubwa, na kila jioni yakaondoka bila kudondosha hata tone. Joto likabaki chini pamoja nasi. Halikuwa joto kavu la kukausha nguo. Nguo zilikaa kambani siku mbili zikatoka zinanuka panya. Jasho lilitoka likakosa pa kwenda. Watu hawakulala, na mtu asiyelala siku tatu huanza kuzungumza na vitu.

Daftari langu la wagonjwa, ambalo miezi mingine lilikuwa la malaria, minyoo na vidole vilivyokatwa na jembe, liligeuka kituko. Alikuja mtu aliyeipiga baiskeli yake kwa nyundo, akaumia mkono, akaniambia baiskeli ndiyo iliyoanza. Mzee mmoja wa Kisukuma, mpole kabisa, aliingiza ng'ombe wake saba katika duka la ushirika ili wapate hewa, na alipoulizwa akamwomba muuzaji awahudumie kwa zamu. Mwalimu mmoja alifundisha hesabu za migao Jumamosi nzima katika darasa tupu, akawachapa madawati waliokosa. Na alikuwapo mwanamume aliyetaka kujimaliza kisimani, wakamwopoa wanawake waliofuata maji. Huyo sikumcheka wala sitamcheka. Nilimlaza zahanati siku mbili chini ya nyasi zangu za aibu, nikamnywesha uji uliopoa, akalala, akaamka, akaulizia mkewe.

Ungedhani ningeona kitu hapo. Sikuona. Akili nilikuwa nayo, lakini ilikuwa imelowa.

Jumapili ile ile alasiri, katibu wa kijiji alinijia zahanati. Alikuwa mtu mfupi, msafi, mwenye kalamu mbili mfukoni, moja ya kuandikia na nyingine ya heshima. Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa tu kila kitu kinachoweza kuandikwa kwenye ripoti.

"Dokta, gari la chumvi linakuja Ijumaa," alisema. "Likirudi wilayani litamchukua mama mkwe wako. Wilaya watampeleka kule hospitali ya wagonjwa wa akili."

Hospitali hiyo ilikuwa mbali sana, safari ya gari na treni. Kijijini petu walikuwa wamekwenda watu wawili kwa miaka yote, na hakuna aliyekuwa amerudi.

"Si mumwache kidogo, Ndugu Katibu? Labda ni uchovu."

"Ameshika panga, dokta. Anasema wezi wanayataka mabati yake. Amejifungia ndani na moto. Akiiwasha nyumba na jirani zake je? Na magari yote yako vitani, hili likipita hatujui lini litakuja jingine. Ijumaa. Mgambo watakuja na kamba."

Alipoondoka, mchumba wangu alitoka nyuma ya pazia alikokuwa akipanga bandeji. Alikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima, na alizoea kuwasahihisha watu wenye mvi.

"Wewe ni dokta au ni pambo?" aliniuliza.

Nikaanza kueleza kuhusu ndoa yetu, kwamba wazee wangu huko milimani wakisikia habari za gari la chumvi wataivunja posa, maana nyumba yenye wazimu haioi wala haiolewi. Alinikatiza.

"Ndoa iache. Ndoa tutaifunga hata Pasaka. Mama yangu atafungwa kamba apakiwe kwenye gari kama mbuzi wa mnada, na wewe unanihesabia wazee? Una siku tano."

Nilimpenda sana pale. Niliogopa pia, na hadi leo sijui mpaka kati ya mambo hayo mawili upo wapi.

Jumatatu nilikwenda na sindano ya kutuliza. Mama hakutaka kutoka ndani hata kidogo, kwa kuwa wezi, alisema, wanangoja atoke. Na mimi kwa mila siwezi kuingia nyumbani kwake yeye akiwamo. Tukafanya hivi: mchumba wangu alisimama mlangoni akitandaza mkeka kama ukuta, mimi nikapiga magoti upande wa nje, nimefumba macho kwa heshima, na mkono wa mama ukatolewa pembeni ya mkeka.

"Mwambie mama asikaze mkono," nikasema.

"Mama, usikaze mkono."

"Nimemsikia, si kiziwi!" mama akapiga kelele. "Mwambie mwenye masikio nina nguvu ya watu kumi!"

"Anasema ana nguvu ya watu kumi."

"Nimesikia."

Kisha mama akachungulia juu ya mkeka, akanitazama tena usoni, akanikonyeza jicho. Nilimchoma mchumba wangu kidole gumba. Mara ya pili nilipata mkono wenyewe.

Alilala saa moja. Alipoamka alikuwa na hali mbaya zaidi kuliko mwanzo: mwili unawaka, midomo imekauka, hana hata tone la jasho, anaita watu waliokufa. Tulimmwagia maji ndoo tatu, mchumba wangu akimwaga na mimi nikiagiza kutoka nyuma ya ukuta, na alipopoa akaanza kuimba, nami nikaona hiyo ni afadhali. Miaka baadaye, kwenye mafunzo, nilisikia kwamba dawa zile humnyima mtu jasho, na kwamba mgonjwa akipewa asikae penye joto kali. Laiti mtu angeniambia Jumatatu ile. Sindano ya pili sikuichoma.

Jumanne nikafanya lile lililoniletea karipio la maandishi. Nilitaka kujua kama ana homa, naye akakataa kukitia kipimajoto kwapani. Alisema ni kifaa cha wezi cha kupimia unene wa bati. Akamnyang'anya binti yake, akapanda kwenye kigoda, akakichomeka katikati ya fito na bati, "kisikie chenyewe." Kikakaa huko tangu asubuhi. Saa nane mchana tukasikia mlio mdogo, ti! Zebaki ikadondoka sakafuni, vitone vinang'aa, vinakimbizana.

Kipimajoto cha zahanati, mali ya umma, mwisho wake nyuzi arobaini na mbili, kimepasuka. Mchumba wangu alikuwa akikusanya ile zebaki kwa karatasi, ananitolea habari mlangoni, na mimi nimeketi nje chini ya ukuta natunga moyoni barua ya kujieleza. "Kipimajoto kilipasuka kwa sababu nyumba ilikuwa na homa." Nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka nikashika tumbo, na jirani akamwambia mwenzake, basi, na dokta naye ameondoka.

Nyumba ilikuwa na homa! Mama alikuwa ameketi tangu Jumapili ndani ya nyumba yenye homa, mlango umefungwa, moto unawaka, analinda kitu kile kile kilichokuwa kinampika. Nikamkumbuka yule wa kisimani, aliyetulia chini ya nyasi zangu. Nikamkumbuka mwalimu wa madawati, anakaa wapi? Chumba cha nyuma cha duka la ushirika, chini ya mabati. Mwenye baiskeli? Mlinzi wa ghala, chini ya mabati. Nikakimbia hadi kwa katibu bila kofia.

"Tuezeke nyasi juu ya mabati ya mama mkwe," nikamwambia huku nahema. "Mabati yakae, nyasi zije juu yake. Nyumba ipoe, alale. Akilala atarudi."

Katibu alinitazama kama anayetafuta kalamu ya tatu.

"Mabati ya zawadi uyafunike nyasi? Mbele ya wageni wa wilaya? Tuliwatoa watu kwenye nyasi, dokta. Hiyo inaitwa kurudisha maendeleo nyuma. Na wewe mwenyewe umeniandikia barua nane unataka mabati."

Hapo hakukosea. Nikaanza kutoka. Hata angekubali, mama mwenyewe asingemruhusu mtu apande juu ya paa lake. Asubuhi ile alikuwa amemrushia mchi jirani aliyenyoosha mkono kufukuza kuku.

Ofisini redio ilikuwa wazi siku zote kwa ajili ya vita. Nikiwa bado kizingitini nikasikia habari za ndege za adui, kwamba zimedondosha mabomu huko kaskazini. Nikasimama. Nikageuka taratibu, nikaliangalia paa la ofisi. Lilikuwa linawaka juani.

"Ndugu Katibu," nikasema, "hivi rubani akiwa juu kabisa, kitu gani kitamwonyesha kuwa hapa pana kijiji?"

Akatoka nje, akatazama paa lake. Akatazama ghala. Akatazama bondeni, ambako nyumba ya mama mkwe ilikuwa inameremeta peke yake kati ya nyasi. Ule weusi mzuri wa uso wake ukageuka majivu.

"Mungu wangu," akasema. "Tumejipaka alama wenyewe."

Sikudanganya. Ndege zilikuwapo, na bati linang'aa, kila mtu anajua. Kama rubani alikuwa na haja na mihogo yetu, hilo mimi sikulizungumzia. Kabla ya jua kutua mgambo walipita nyumba hadi nyumba na amri: kesho asubuhi kila bati la kijiji lifunikwe nyasi, kwa usalama wa taifa.

Ikabaki mwenye mabati. Nikaenda kukaa nje ya ukuta wake, mgongo ukutani, na mchumba wangu akakaa mlangoni katikati yetu.

"Mwambie mama nimepata habari za wezi wa mabati," nikasema.

Kuimba kukakoma mle ndani.

"Anasema amepata habari za wezi."

"Nirijua!" sauti ikatoka. "Wako wapi?"

"Mwambie hawapiti njiani. Watakuja kwa ndege. Wanatafuta kinachong'aa."

Nikasikia moto ukilia ndani. Mchumba wangu alinikodolea macho kwa namna iliyoniambia kuwa nikikosea hapa nitatafuta mke wilaya nyingine.

"Mawe!" mama akasema polepole, yaani mama yangu wee. "Kwa ndege. Na mimi siku zote natazama mrango." Kisha, kwa sauti ya mtu mwenye akili kuliko wote kijijini, "Basi tuyafiche."

"Anasema tuyafiche," mchumba wangu akaniambia, na machozi yakamtiririka huku anacheka.

Jumatano kijiji kilipanda juu ya mapaa. Nyasi za kondeni zilikuwa zimeungua kwa kiangazi, kwa hiyo wanaume walishuka bondeni kukata mafunjo, na wanawake wakaja na mizigo ya majani makavu ya migomba. Nyumba ya mama ilifanywa ya kwanza, na fundi mkuu alikuwa mama mwenyewe. Alisimama uani, kichwa wazi, ufagio mkononi kama jemadari, akatuonyesha kila mahali palipobaki pakimetameta. "Pare! Pare panachungulia! Wewe mwenye masikio, miguu yako kama mwiko, sogea kushoto!" Nilikuwa juu ya paa la mama mkwe wangu, mbele ya watu wote, ananitazama kutoka chini anaitukana miguu yangu, na sijapata kuwa na furaha kama ile kabla wala baada yake. Watu walicheka mpaka mmoja akateleza akaangukia rundo la majani.

Kuhusu moto nilimpelekea neno kwamba moshi huonekana kutoka angani. Akautoa nje mwenyewe, kijinga kwa kijinga. Kuhusu dirisha nikamwambia anahitaji tundu kubwa la kuchungulia ndege, pande zote mbili. Matundu yakatobolewa. Upepo ukaingia tundu hili ukatokea lile, kwa mara ya kwanza tangu nyumba ijengwe. Saa tisa alasiri mama akaingia ndani, akajinyoosha kitandani ili atege sikio vizuri, na akalala.

Alilala mpaka Alhamisi mchana. Aliamka, akanywa uji na maji kibuyu kizima, akauliza ni siku gani, akalala tena. Mvua haikunyesha. Nalisisitiza hilo kwa kuwa wapo waliosema baadaye ni mvua iliyompoza, na mvua ilikuja wiki iliyofuata, sisi tukiwa tumeshamaliza kazi.

Ijumaa gari la chumvi likafika. Magunia yakashushwa, kisha wakaja uani: katibu, mgambo wawili, dereva mwenye haraka, na kamba. Kijiji kikafuata nyuma. Mimi nilisimama kando ya migomba. Kulala nilijua amelala. Ameamka vipi, hilo hata binti yake hakuwa na hakika.

"Dokta, wewe ndiye mtaalamu," katibu akasema. "Amepona au hajapona?"

Nilifungua mdomo. Ningesema amepona, na akitoka na panga? Ningesema sijui, na kamba ile pale? Kabla sijapata neno, mlango ukafunguka. Mama akatoka amebeba ungo wa maharage ya kupepeta, amejifunga khanga vizuri, macho yamevimba kwa usingizi. Alishangaa kuona watu. Akawasalimu mmoja mmoja, wakubwa akawaamkia, wadogo wakamwamkia akaitikia marahaba. Hata dereva alimpa pole ya safari. Halafu macho yake yakapita juu ya bega la mgambo, yakanifikia mimi.

Ungo ukaanguka. Maharage yakatawanyika ua mzima. Mama akavuta khanga mpaka kidevuni, akazunguka, akachuchumaa nyuma ya katibu na kunigeuzia mgongo. "Mkwe wangu yupo hapa na hamkuniambia!" akasema kutoka ndani ya khanga. "Mnataka kuniua kwa aibu!"

Mgongo wake! Nilikuwa nimeukosa siku tano. Vigelegele vikapanda kutoka kila upande, mchumba wangu akapiga magoti kati ya maharage analia, na katibu, akiwa amesimama kama mti mama akijificha nyuma yake, akatoa kalamu ile ya heshima na kumwambia dereva, "Mwenye wazimu haoni aibu. Nenda zako, ndugu." Mgambo mmoja akaitumia kamba kufungia mzigo wa mafunjo uliosalia.

Tulioana baada ya Noeli kama ilivyopangwa. Vita vilipokwisha, katibu akaamuru mapaa yavuliwe nyasi, kijiji king'ae tena. Yakavuliwa, na kiangazi kilichofuata mwalimu akarudi kwenye madawati. Nyumba ya mama peke yake haikuguswa. Alidai hana hakika kama wezi wamesikia kuwa vita vimekwisha, na alisema hivyo kwa utulivu kiasi kwamba sikujua kama ni ugonjwa au mzaha. Mafunjo huoza, kwa hiyo kila mwaka kabla ya mvua nilipanda kuongeza mapya. Alama yangu kwamba joto limeanza kumpanda tena ilikuwa moja. Mke wangu aliporudi kutoka kwa mama yake nilimuuliza, "Ametazama nani?" Na ikitokea mimi mwenyewe nimekwenda, mama asijifunike haraka, macho yake yakanijia wazi hata kwa dakika moja, sikungoja kuambiwa. Nilivua viatu nikapanda juu na mzigo wa majani. Miaka mingi sana tulikwenda hivyo. Nilijifunza kuogopa macho ya mama huyo, na kuupenda mgongo wake.

Alipozeeka akashindwa kutoka kitandani, mke wangu aliniita siku moja, akasema mama anataka niingie ndani. Nikasema haiwezekani. Akasema amesema uingie. Nikaingia nimeinamisha kichwa, nikaketi kwenye kigoda mlangoni, nikitazama sakafu ambako zamani zebaki ilikimbia.

"Mkwe," akaniita yeye mwenyewe, bila mtu wa kati.

Nikainua uso. Alikuwa amelala ubavu, khanga imekunjwa vizuri pembeni, ananitazama kwa yale macho makubwa, haondoi. Nikasimama nivue viatu, nikawa tayari natafuta kwa akili ni wapi mwezi huo nitapata mafunjo.

"Kaa chini, mwanangu," akasema. "Sikia, mvua inanyesha tangu asubuhi. Leo hakuna joto."

Nikakaa.